Lori la Nashon Lililong'aa Upande Mmoja

Nashon alizaliwa Kabungu, akaendesha malori ya watu zaidi ya nusu ya umri wake, na alipopata la kwake lilikuwa limeshachoka kuliko yeye. Rangi yake ilisemekana kuwa bluu. Jua na vumbi la njia ya Kibaoni vilikuwa vimeipauza kiasi kwamba ukiegemea ubavuni, shati linaondoka na unga mweupe.

Msimu wa mavuno Feisal, mfanyabiashara wa Mpanda mjini, alitafuta lori la kumbebea mpunga mpaka msimu uishe. Nashon akampelekea lake dukani. Feisal alitoka, akalitazama kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa wa jirani.

"Injini sina shida nayo, mzee Nashon. Ila watu wakiona mzigo wangu unashuka kwenye hicho kitu, watasema nimefilisika. Litengeneze sura. Ijumaa baada ya swala nakuja kuliona."

Bila Feisal, Nashon angebaki kubeba mchanga, na lori linalobeba mchanga huchakaa kabla masika hayajaisha. Baada ya hapo angerudi kuendesha ya watu. Kupaka rangi upya, kwa gharama yake, hakukuwazika. Méthode, fundi wa kuchomelea aliyekulia Mishamo, akamfariji: rangi haijafa, imelala tu. Inasuguliwa kwa dawa iitwayo rabingi, kwa mashine yenye pedi laini.

Mashine yenyewe haikuwepo. Méthode alikuwa na grenda ya kukatia vyuma. Pedi ilikuwepo duka la vipuri. Nashon aliishika, akaibonyeza, akauliza bei, akairudisha kwa heshima. Nyumbani kulikuwa na ngozi ya kondoo ambayo mkewe Esteria, mtoto wa wafugaji, alikuja nayo kutoka kwao.

"Ngozi ya mama yangu unaenda kufutia gari?" Esteria aliuliza.

"Siifutii. Naizungusha."

"Haya. Ukimaliza, njoo unizungushe na mimi."

Wakaikata miduara, wakaifunga kwenye grenda. Mlango wa dereva ukaanza kuamka.

"Aisee bosi, unajiona?" Méthode alipiga kelele.

Nashon alijiona. Ulikuwa uso wa mzee, lakini ulionekana vizuri.

Tatizo la grenda ni kwamba haijui kubembeleza. Kwenye ukingo wa mlango, pale rangi ilipo nyembamba, ilikaa kidogo tu, bluu ikaondoka, ikatokea nyekundu ya chini, ile ya msingi inayopakwa kwanza. Méthode alizima, akapainamia.

"Hako ni kadogo," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua si kadogo.

Waliendelea na ubavu huohuo mpaka ngozi ikachanika, ikaanza kunuka kama nyama choma, na rabingi ikaisha. Upande wa pili ukabaki kama ulivyokuwa.

Ijumaa Feisal alikuja na kanzu yake safi. Upande uliopauka aliupita bila kusimama. Kwenye upande unaong'aa akasimama, akaweka kidole kwenye wekundu.

"Hapa liligonga lini?"

"Halijagonga, bosi. Tumesugua."

"Mtu anasugua upande mmoja?"

"Pedi ziliisha."

"Pedi." Feisal aliligeuza neno hilo mdomoni kama tonge lenye jiwe. "Mzee wangu, mimi nimenunua magari. Ubavu mmoja unang'aa, chini pekundu. Huo mlango ni wa gari lingine. Ungeniambia tu ukweli, ningekuchukua hata na vumbi lako."

Méthode akaitwa. Akaapa kwa Mungu na kwa watoto wake.

"Fundi aliyeficha ajali naye angeapa hivyohivyo," alisema Feisal, bila hasira, akaondoka.

Mpunga ulipakiwa kwenye lori jingine, lililobonyea mbele na nyuma, ambalo mwenye nalo hakuwahi kuficha mabonyeo yake.

Nashon akarudi kwenye mchanga. Mteja wake wa kwanza alizunguka gari, akafika mlangoni, akauliza kama lilishawahi kuanguka. Nashon akamtazama, akaona safari hii hana nguvu ya kueleza habari za kusugua.

"Lilianguka," alisema.

Alipoulizwa wapi, akataja kona moja ya njia ya Mishamo. Mteja akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kona ile anaijua, alisema, ni mbaya sana.