Simu Kabatini, Mama Mpakani

Jumatatu nilikuwa katika ofisi ya mkuu wa shule moja hapa Gisenyi, alipoingia mama anayeuza nyanya Goma, ng'ambo ya mpaka. Shule hiyo hufungia simu za wanafunzi kabatini hadi jioni, naye alitaka ya binti yake irudishwe.

"Directrice, mi navuka kila siku. Nikirudi, napigia mutoto ajue niko muzima."

"Mama, sheria ni ya wote," mkuu alijibu bila kuinua macho.

Binti aliitwa. Alisimama, mikono nyuma.

"Mama, iache humu. Ikiwa ku mufuko, sisikie mwalimu. Nangojea tu ilie."

Mama akagonga meza kwa kidole.

"Bon, sawa. Simu mubaki nayo. Lakini nikivuka nitapigia wewe, Directrice, na wewe mwenyewe utaenda ku darasa kumuambia. Hata kama iko examen."

Mimi naitetea sheria hii, wala siombi radhi. Simu darasani ni ndama wa dhahabu, na watoto wetu wameiinamia vya kutosha. Lakini Mafarisayo nao waliwatwika watu mizigo ambayo wao wenyewe hawakuigusa. Anayemnyang'anya mtoto simu amechukua na wasiwasi wake, basi aubebe.

Mkuu alisema yeye si tarishi. Mama akavuta kiti, akaketi.

"Mi sitoke hapa bila namba yako."

Mkuu akatafuta kalamu.