Kuondoka Bila Kuua Mtu

Pale nilipofanya kazi Kitale, hakuna aliyeacha kazi kwa kusema anaacha kazi. Watu walifiwa. Ukitaka kuondoka unaingia asubuhi na macho mekundu, unasema shangazi ametuacha, unapewa pole na ruhusa ya siku chache, unaenda nyumbani, na huko nyumbani unakaa. Sisi mafundi tulikuwa na neno letu: kuua. "Yule wa kufuma mikono ya sweta ameua nani?" "Ameua mjomba." Basi tunajua harudi. Tunagawana kazi yake, chai inakuja, siku inaendelea.

Msituone wabaya. Tulikuwa tunafuma sweta za shule katika chumba kilicho nyuma ya duka, mashine sita, na bosi wetu alikuwa mtu asiyeweza kuambiwa neno "naacha". Kabla ya wakati wangu kulikuwa na fundi aliyemwambia vizuri kabisa, akatoa notisi ya mwezi mzima kama sheria inavyotaka. Bosi alichukua simu palepale, akampigia mwenye duka la Eldoret aliyekuwa amemchukua huyo fundi, akamwambia mwanamke huyo ana mkono mrefu. Haikuwa kweli. Kazi ya Eldoret ikayeyuka, na ya Kitale ikaisha siku hiyohiyo. Wafuma sweta wote wanajuana, wananunua nyuzi kwa watu walewale, kwa hivyo neno likitoka linafika. Tangu hapo hakuna aliyetoa notisi tena.

Lakini msiba ulikuwa kitu kingine. Wazazi wa bosi walitoka Nyeri wakanunua shamba huku Trans-Nzoia zamani, na yeye amezaliwa na kukulia hapa. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na hakuna matanga yaliyompita. Ukimwambia umefiwa, sauti yake inashuka, anakushika mkono, anakuuliza mwili uko mochari gani. Mtu huyohuyo aliyekutukana jana kwa sababu ya mshono.

Mimi nilikuwa na sababu moja tu ya kutaka kuondoka, na pale kazini hakuna aliyeijua. Nilikuwa na mtoto. Siku aliponiajiri bosi aliniangalia juu mpaka chini akauliza, "Uko na mtoto mdogo?" Nikasema sina. Alikuwa hachukui wenye watoto wadogo, ati mtoto akikohoa mama anatoroka. Binti yangu alikuwa na miezi tisa na alikuwa bado ananyonya. Nilimwacha kwa mama yangu, nyumbani kwetu kando ya mji wa Bungoma, nikawa naenda kumwona mara moja kwa mwezi, Jumamosi jioni mpaka Jumapili baada ya chakula. Alipoanza kusema, nyanya yake akamwita mama. Mimi akaniita anti, kwa sababu ndivyo watoto wa jirani walivyoniita. Nilimrekebisha mara mbili tatu, nikaacha. Unamrekebisha mtoto Jumapili, halafu wiki nne anafanya mazoezi na nani?

Sasa, Januari, shule za msingi zikiwa zimefunguliwa na sekondari zikingoja wanafunzi wapya, nilipigiwa simu na mwenye duka la yunifomu Bungoma mjini. Alikuwa amenunua mashine mbili na hana mtu wa shingo. Shingo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mwili wa sweta hata aliyejifunza juzi atafuma, lakini ile shingo ya V yenye mistari ya rangi ya shule ikipinda, mwalimu mkuu anarudisha mzigo wote. "Ukija Jumatatu, kazi ni yako," akasema. "Usipokuja kuna mama wa Webuye." Simu hiyo ilikuja Jumatatu, wiki moja kabla ya siku aliyonitaka. Kutoka kwenye hilo duka mpaka kwetu ni mwendo wa miguu. Nilipiga hesabu haraka: ningekuwa nalala nyumbani kila usiku.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kutoa notisi ilikuwa ni kumpa bosi nafasi ya kupiga simu Bungoma. Kutotoa ilikuwa ni kumwacha na oda za shule za Ndalu na Naitiri, shingo zote hazijafungwa, katika wiki mbaya kuliko zote za mwaka.

Nilimwambia mwenzangu wa mashine ya jirani, mama wa Lwakhakha. Sikumwambia habari ya mtoto, nilimwambia tu nimepata kazi karibu na kwetu. Hata hakuinua kichwa.

"Si uue mtu."

"Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?"

Akacheka mpaka akasimamisha mashine. Kwa sababu yeye aliwahi kuua. Mwaka wangu wa pili pale, alisema nyanya yake wa Lwakhakha amefariki, akaenda, tukajua amekwenda kabisa. Bosi hakujua hivyo. Bosi alifunga duka Ijumaa, akakodi pikapu, akapakia sufuria, unga, sukari na sisi, tukashuka mpaka Lwakhakha, mpakani na Uganda, tukiimba nyimbo za kanisa. Tulipofika hakukuwa na hema wala moto. Ajuza mmoja alikuwa ameketi nje anamenya njugu. Akatuangalia tulivyokuwa tunashuka na sufuria zetu, akasema, "Karibuni wageni. Mmepotea?"

Mwenzetu tulimwona kwa mbali akiingia kwenye migomba, na hakutoka tena. Bosi aliuliza jina la mzee, akaambiwa lilelile la marehemu wetu, akaweka sufuria chini polepole. Kisha akafunga macho akaomba, ombi refu, la kumshukuru Mungu kwa maisha ya nyanya na kumwongezea mengine. Tukapika tulichobeba, tukala, nyanya akatufungia njugu, tukarudi Kitale. Jumatatu mwenzetu alikuwa kwenye mashine yake kabla yetu sote. Hakuna aliyemuuliza kitu, na yuko pale mpaka leo.

"Nyanya yangu alikataa kufa," akaniambia. "Lakini wewe uko na mama."

"Mama yangu simuui kwa mdomo wangu," nikamjibu, na nilimjibu vibaya. Kwetu kifo hakitajwi ovyo juu ya mtu mzima. Tena baba nilikuwa nimeshamzika, na huyu mama aliyebaki ndiye aliyekuwa ananilelea mtoto.

Ilibaki njia ya tatu, ya kuzima simu. Unatoka Jumamosi kama kawaida, unanunua laini mpya, umekwisha. Vijana wa siku hizi hawasumbuki hata kuua, wanazima tu. Nikaamua hivyo. Niliona hakuna dhambi: mtu aliyekutaka useme huna mtoto atalia nini ukiondoka bila kusema?

Lakini nilipomaliza kuamua, nilianza kukumbuka mazishi ya baba, na nikachukia kukumbuka. Bosi alikuja. Msiba ule ulikuwa wa kweli na mvua ilikuwa ya kweli, gari lilikwama kabla ya kufika kwetu akashuka akatembea kwenye tope na viatu mkononi. Aliingia jikoni kwa mama zangu ambao hata hakuelewa lugha yao, akakuna nazi kama katika hadithi za pwani? La, huku hatukuni nazi. Alikoroga ugali wa watu wa mazishi mpaka mikono ikavimba. Na katikati ya ule umati binti yangu, akiwa na miaka mitatu, alikuwa analia kwa sababu hamwoni nyanya yake. Bosi akambeba. Akauliza, "Huyu ni wa nani?" Mimi nikaangalia kando. Mama yangu, ambaye ni mwepesi wa maneno kuliko sisi sote, akasema, "Ni wa hapa." Mazishini watoto ni wengi, hakuna anayeuliza mara ya pili. Akambeba mpaka akalala. Sasa niambie, mtu aliyekuja kukuzikia baba unamzimiaje simu?

Nilijijibu kwamba wengi wamefanya hivyo na jua limechomoza. Kuanzia Jumanne nikaanza kubeba vitu vyangu kidogo kidogo ndani ya mkoba: kikombe, makasi, slipa za kazini. Jumatano nikabeba mto wangu wa kukalia, kwa sababu benchi lile lilikuwa la mbao tupu na ule mto niliushona mwenyewe. Bosi alipita akaliona benchi.

"Mto uko wapi?"

"Nimepeleka kufua."

Akaendelea na safari yake. Mwenzangu wa Lwakhakha akakohoa.

Alhamisi asubuhi nilikuta kitenge cha bosi kimekunjwa mara nne juu ya benchi langu. Ni kile alichokuwa akijifunga yeye mwenyewe akiingia stoo. Hakusema ni cha nini, alikuwa dukani anabishana na mtu wa nyuzi. Nilikiangalia, na nikakasirika, nikakasirika kweli. Angenitukana asubuhi ile ningeondoka Jumamosi nikiimba. Nilikaa juu yake nikafuma shingo mbili, zote mbovu. Aliporudi nyuma nikasema kabla sijajipanga.

"Mama, naacha kazi. Jumatatu naanza Bungoma."

Mwenzangu wa Lwakhakha akasimamisha mashine.

"Bungoma kwa nani?"

Nikamtajia. Ningeweza kuficha, lakini mimi nikishakasirika husema yote. Simu yake ilikuwa mkononi. Nikaiangalia ile simu, na yeye akaniona nikiiangalia.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi ni nini? Wiki hii? Na hizi za Naitiri?"

"Niko na mtoto. Anakaa na mama yangu. Ananiita anti."

Nilifikiri atapiga kelele. Akauliza tu, "Wa miaka ngapi?"

"Ako Gredi ya kwanza."

Bosi hakuwahi kushindwa na hesabu. Nilimwona akirudi nyuma mwaka kwa mwaka mpaka siku ile ya kuniajiri.

"Kwa hivyo ulikuja hapa akinyonya."

"Akinyonya."

"Ni yule nilibeba kwa mazishi?"

"Ni yule."

"Ngai," akamwita Mungu kwa lugha ya kwao, na hakuwa ananiambia mimi. Akaitia simu mfukoni. "Inuka hapo."

Nikainuka. Akaketi kwenye benchi langu, juu ya kitenge chake mwenyewe, akavuta sweta niliyokuwa nimeiacha katikati, akaanza kutafuta mahali nilipofika.

"Enda."

"Nilitaka kumaliza mpaka Jumamosi—"

"Nimesema enda. Usinisimamie hapa."

Mpaka leo sijui kama siku ile nilifutwa au niliachiliwa. Mwenzangu anasema nilifutwa, mama yangu anasema niliachiliwa, na bosi sijawahi kumuuliza. Najua tu kwamba simu ya Bungoma hakuipiga. Nilichukua mkoba wangu, ambao ulikuwa mwepesi kwa sababu vitu vyote vilikuwa vimeshatangulia. Nilipofika mlangoni niligeuka nikaona shingo anayofuma imeshaanza kupinda. Nikatoka. Halikuwa tena neno langu.

Nilifika nyumbani mchana. Mama alikuwa anaanua mahindi, akaniona, akaniuliza kama nimekula, basi. Nikavua viatu nikakaa kwenye ngazi ya mbele. Nilikuwa nimejipangia maneno. Ningemwambia binti yangu kwamba sasa nitakuwa hapa kila siku, kwamba nitamsuka nywele mwenyewe, kwamba anti ni neno la watu wengine.

Watoto wa Gredi ya kwanza hutoka mapema. Alikuja peke yake na begi kubwa kuliko mgongo, akafika langoni, akaniona, akasimama. Ilikuwa Alhamisi. Katikati ya wiki alikuwa ameniona mara mbili tu tangu nilipomwacha, wakati wa kumzika babu yake na wakati wa kumzika mjomba wangu mwaka jana.

"Anti," akasema bila kuingia, "nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja tu."

Hakuniamini. Alinipita akaingia jikoni kumtazama nyanya yake, akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akachungulia kwa jirani juu ya ua. Nilimwacha azunguke. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yamenitoka. Aliporudi, watu wote wakiwa wazima, alivua begi akakaa kwenye ngazi, si karibu nami sana, akaniuliza nitaenda saa ngapi.