Pipa la Mkataba

Naona aibu kuandika haya, lakini bandari nzima inajua. Tuliletewa pipa ili meli zimwage humo mafuta machafu badala ya ziwani, kama mkataba wa kimataifa unavyotaka. Mtunzaji wake nilikuwa mimi, karani wa mkoa. Lilikuwa jipya, halijaguswa na tone la mafuta. Dada yangu alipoolewa Nyanga, nikamwazima shemeji pipa hilo abebee rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwenye ripoti nikaandika kwamba linatumika.

Juzi akaja mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Akiridhika, Bukoba ingepata ofisi ya kulinda ziwa, na mkuu wake ningekuwa mimi.

"Nimelirudisha alfajiri, shemeji, usihofu," aliniambia bwana harusi.

Nikampeleka mgeni moja kwa moja. Nyuki walikuwa wakizunguka mfuniko.

"Kila meli inamwaga humu, ndugu," nikasema.

Akafunua. Kwetu chombo cha kuazima hakirudishwi kitupu, na shemeji ana adabu: rubisi ilifika nusu ya pipa, ikitoa povu. Mpagazi akasogea na kata mkononi.

"Karani, na leo tunakaribishwa, kama siku ile ya harusi?"

Mkaguzi akafunga daftari lake.

"Ndugu karani, meli za huku zinaendeshwa kwa ndizi?"