Maua Tisa ya Mpakani

Nina miguu isiyotulia. Juma zima nakaa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, nikipima misumari na kubishana na mafundi, na ikifika Jumamosi huwezi kunikuta nyumbani Ruring'u. Nilianza kutembea milimani peke yangu. Baadaye kikazuka kikundi cha watu wa mjini: walimu, wauguzi, na karani mmoja wa benki anayelalamika tangu tunaposhuka garini hadi tunapopanda tena. Mimi ndiye kiongozi. Hakuna aliyenichagua. Nina sauti kubwa na najua njia, basi yakaisha hapo.

Huku kwetu hakuchoshi. Ukitaka tambarare unashuka Wang'uru, unatembea juu ya kingo za mashamba ya mpunga, maji kushoto na kulia, jua likikuchoma kisogo. Ukitaka kutesa magoti unaenda Murang'a, ambako kila kijiji kimekaa mgongoni mwa kilima na kila kilima kina mto wake chini. Naro Moru ni nyasi ndefu na upepo wa baridi, na ukiwahi asubuhi utauona Mlima kabla mawingu hayajaufunika. Njia hizo zote nimezirekodi kwenye simu, pale panapogawanyika, palipo na mbwa mkali, panapouzwa chai. Nilijivunia sana simu hiyo.

Lakini njia nzuri kuliko zote ilikuwa Tetu, katika shamba la shangazi yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani angali kijana. Babu akamkatia kipande chembamba cha ardhi kinachoanzia barabarani, kinapita kwenye majani chai na kuteremka hadi kwenye chemchemi, na chini ya chemchemi kuna mto wenye maporomoko madogo. Shamba la jirani ni la baba mdogo, kitinda mimba wao. Hati ya kipande cha shangazi haikuwahi kuandikwa. Babu alitembea naye siku moja kutoka juu hadi chini, akapanda mpaka, na kwa miaka yote hiyo ikatosha.

Mimi ananiita mami. Ni kwa sababu nilikuwa binti wa kwanza wa ndugu yake, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Kwa hiyo nina jina la mama yake, na yeye hufanya mambo yawe hivyo kweli. Nikifika ananiondokea kwenye kiti chake. "Mami amekuja!" anapaza sauti hadi majirani wanasikia. Nikiwa na miaka saba nilikuwa naona aibu. Baadaye nilizoea, na nadhani nilizoea kupita kiasi.

Nilipowapeleka watu wangu huko mara ya kwanza, hata karani wa benki alinyamaza. Tatizo lilikuwa moja tu: njia ilikuwa nyembamba. Kati ya majani chai ya shangazi na yale ya baba mdogo kulikuwa na ukanda wa nyasi, na katikati ya ukanda huo yalisimama maua makubwa tisa, yenye majani mapana, kutoka juu hadi karibu na chemchemi. Mvua ikinyesha yalichanua meupe, yakiwa na mistari ya waridi. Siku hiyo ya kwanza nilisimama juu karibu na barabara nikayapiga picha, yote tisa, na chemchemi ikionekana kule chini. Halafu manung'uniko yakaanza. Majani yanalowesha suruali. Hakuna pa kupishana. Mtu ameteleza akaangukia majani chai. Nikawaambia waniachie mimi.

Siku moja nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Tetu. Shangazi alikuwa anatoka kupeleka majani chai kituoni. Aliniambia nichimbe nduma kule chini nikapike, akanipa na gunia la kubebea. Alipopotelea barabarani nikachukua jembe.

Maua hayo yanaitwa itoka. Kwa Wakikuyu hayo ndiyo alama ya mpaka, kwa kuwa hayafi kwa kiangazi, mbuzi hayapendi, na mwenye akili zake hayagusi. Anayeng'oa itoka hulaaniwa na wazee, na husemwa kwamba laana hiyo huwafuata hata watoto wake. Ningependa sana kuandika hapa kwamba mimi ni mtu wa mjini, sikujua. Baba alishanieleza. Isitoshe, nilipoinua jembe niliona yamenyooka mstari mmoja, hatua zilezile kutoka ua hadi ua, na maua ya mwituni hayajipangi hivyo. Niliona. Nikajiambia nitamuuliza shangazi akirudi, nikang'oa.

Nilifukia mashimo, nikasawazisha nyasi, nikaona njia imekuwa pana na safi. Matunguu ya mizizini ya maua hayo yalikuwa makubwa na yalionekana ya kupendeza, nikashindwa kuyatupa. Nikayatia kwenye gunia chini ya nduma na kwenda nayo Ruring'u, nikayapanda mlangoni kwangu katika makopo ya rangi niliyotoa dukani. Shangazi sikumngoja. Nilisema gari litaniacha.

Baba mdogo si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni rahisi kumtupia yeye mzigo huu. Alichoona ni ukanda usio na alama, na watu wa mjini wakipita hapo kila wiki kwenda kuona maji, na tamaa ikamwingia kama ambavyo ingemwingia mtu yeyote. Kabla ya msimu kwisha alianza kusema kwamba mpaka wa kweli ulipita juu, karibu na mparachichi, na kwamba chemchemi ilikuwa yake tangu mwanzo. Kisha akaongeza kwamba dada yake ndiye aliyeng'oa itoka ili akule shamba la watu.

Wazee wa ukoo waliitwa. Walikuja watatu, pamoja na naibu wa chifu, wakakaa kwenye nyasi asubuhi moja yenye ukungu. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai.

"Hii itoka iring'olewa na nani?" mzee wa katikati akauliza.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso imefungwa vizuri, mikono magotini. Aliangalia kikombe chake.

"Mimi sijui," akasema.

"Na wewe ndio unaishi hapa?"

"Ndio mimi naishi hapa."

"Ati hujui!" baba mdogo akacheka, lakini hakumtazama.

Mzee akawageukia watu wote waliokuwa pale, majirani, wake wa majirani, mimi. "Kuna mtu anakumbuka ile mstari irikuwa inapita wapi? Mtu yeyote. Hata mama anaweza sema."

Simu yangu ilitetemeka mfukoni. Walikuwa watu wa kikundi, wakiulizana Jumamosi tutaenda wapi. Katika simu hiyo kulikuwa na picha ya itoka tisa, mstari mzima, na mparachichi umesimama peke yake ndani kabisa ya shamba la shangazi. Mimi ndiye mtu anayeweza kumfokea kondakta mbele ya stendi nzima kwa kukanyagwa kiatu. Siku hiyo nilimimina chai. Nilimwongezea hata mzee ambaye kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Mpaka mpya ulipita karibu na mparachichi. Kwa huruma, walisema, hawatamlaani mama mzee, lakini itoka mpya wakazipanda hapo juu. Chemchemi ikaenda kwa baba mdogo. Tangu hapo shangazi, na miaka yake sabini na kitu, alichota maji kwenye bomba la shule, ng'ambo ya barabara na mlima juu, au alimwomba mdogo wake ruhusa ya kupita mahali alipokuwa amechota tangu ujana wake. Hakupenda kuomba. Nilianza kwenda kila Jumapili kumchotea. Watu wa kanisani walinisifu, na mimi nikapokea sifa hizo.

Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima na zaidi. Niliacha kuwapeleka watu Tetu, nikasema kuna matope. Usiniulize kwa nini sikuyang'oa yale maua mlangoni kwangu nikayatupa. Nilikuwa nayamwagilia.

Kisha shangazi akawa na miadi ya macho katika hospitali mjini, na ikabidi alale kwangu. Alifika jioni, giza limeanza, tukala tukalala. Asubuhi niliamka nikakuta mlango uko wazi. Alikuwa ameinama juu ya makopo, anang'oa majani yaliyokauka kwa vidole, polepole, kopo moja baada ya jingine. Mvua ilikuwa imeanza na mawili yalikuwa yamechanua.

"Ziko nane," akasema bila kugeuka. "Moja ilikufa?"

Niliketi palepale kizingitini. Nilisema ndiyo, moja ilikufa. Halafu nikasema yote mengine, vibaya, nikichanganya, huku nikilia.

"Mami, nyamaza. Nilijua," akasema. "Gunia si ni mimi nilikupatia? Nilirudi nikaona mchanga imegeuzwa. Nikangoja ukuje uniambie."

"Mbona hukuwaambia wazee?"

Alionekana kushangaa kweli. "Niseme mama yangu ndio aling'oa? Wakulaani, na wewe uko na watoto? Mimi sina mtoto. Acha wafikirie ni mimi."

Alinishika kichwa kama anavyoshika watoto wadogo. Hapo ndipo nilipotaka kuwa mtu mwema haraka haraka. Nikamwambia mambo yanaweza kurekebishwa, nina picha, wazee wakiiona watarudisha mpaka. Nikaifungua simu nikampa. Alivaa miwani yake ya zamani, akaiangalia kwa muda mrefu, akihesabu kwa kidole bila kugusa kioo.

"Hii ni kabla ung'oe."

"Ndiyo."

"Hata baba mdogo wako hangekataa hii. Na hakuna mtu angeuliza nani aling'oa."

"Ndiyo, shangazi."

"Ile siku ya wazee ulikuwa nayo?"

Ningeweza kusema niliipata baadaye. Angeniamini.

"Nilikuwa nayo mfukoni," nikasema.

Alivua miwani, akaikunja, akanirudishia simu. Aliniuliza hospitali inafunguliwa saa ngapi.

Nilikwenda kwa wazee Jumamosi iliyofuata. Nilisema kila kitu mbele ya watu, na picha ikapita mkono hadi mkono. Baba mdogo aliitazama, akasema ni kweli, akainuka akaenda kuwafungia ng'ombe. Nilitoa mbuzi, nikaombewa. Itoka nane zilirudi kwenye mstari wao, na ya tisa mzee mmoja akaitoa kwake. Chemchemi ni ya shangazi tena, na njia imerudi kuwa nyembamba kama zamani. Wakati wa mvua suruali zinalowa.

Bado naenda kila Jumapili. Ananikaribisha vizuri, ananipikia nduma, ananiuliza habari za watoto. Hainuki tena kwenye kiti chake. Na ananiita kwa jina langu, lote, kama linavyoandikwa kwenye kitambulisho.