Sauti Tamu na Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Mwanangu, kuna mvua moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo haijakatika masikioni mwangu. Jana uliporudi na kuniambia kwamba wafanyabiashara wa jengo lenu wanakutaka uwe mwenyekiti wao, niliisikia tena. Hukunisikia nikipiga vigelegele, ukadhani sikufurahi. Nilifurahi, lakini niliogopa zaidi, na nataka ujue ninachokiogopa kabla hujawajibu hapo Jumamosi.

Siku hiyo ulikuwa mgongoni mwangu, hujajua hata kukaa. Nilikuwa nimekuja Kampala kutoka Bungoma, binti mwenye maneno mengi na hamu ya kila kitu, na baba yako alikuwa kazini Jinja. Niliuza vitambaa vya mapazia katika jengo moja la maduka kule bondeni Nakivubo. Usilitafute, lilishavunjwa. Duka langu lilikuwa chini kabisa, chini ya barabara, ambako kodi ilikuwa nafuu na jua tuliliona tukishatoka tu. Mbele kulikuwa na ngazi ya wateja. Nyuma kulikuwa na mlango wa chuma wa kutokea uani, nao ulifungwa muda wote kwa kuogopa wezi. Ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti, au ndivyo sote tulivyoamini.

Mwenyekiti wetu aliitwa Wasswa. Sijui nikueleze vipi sauti ya mtu yule. Ilikuwa nzito na ya upole, na akikusalimia alikuuliza habari za mama yako kwa jina, ukaenda zako unajiona wa maana. Siku ya kumchagua, alishindana na Mama Apio, mke wa polisi wa kule Naguru, aliyeuza viatu vya watoto. Mama Apio alisimama akatueleza habari za nyaya za umeme zinazoning'inia, za mlango wa nyuma, na za mfereji unaofurika kila masika. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, tena mkali, haangalii mtu usoni. Watu walipiga miayo. Halafu akasimama Wasswa, akamtania kidogo Mama Apio, tukacheka mpaka machozi, na mambo yakaishia hapo. Nami nilipiga makofi mpaka wewe ukaamka ukalia.

Sasa ile mvua. Ilianza mchana, na kule chini tuliisikia tu kama watu wanaburuta mabati juu ya vichwa vyetu. Baadaye maji yakaanza kushuka ngazi ya mbele, membamba, machafu. Mama Apio akatoka mbio, na alipofika juu akageuka akapiga kelele kwamba sote tutoke. Watu walianza kushika mikoba. Hata mimi nilikuwa nimekwisha kukukaza mgongoni.

Ndipo Wasswa akapanda juu ya kigoda. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Banange, jamani, tulieni," alisema. "Hii maji ya Nakivubo mimi naijua, inakuja inarudi. Pandisha mali yako juu ya rafu, mvua itaisha sasa hivi."

Mwanangu, tulitulia. Nataka ulielewe neno hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Hofu niliyokuwa nayo, hofu nzuri ambayo ingenitoa mle ndani pamoja na wewe, aliiondoa kifuani mwangu kwa maneno tu. Nikaanza kupanga vitambaa kwenye rafu za juu, na jirani yangu akaanza kuimba. Taa zilipozimika ghafla, tulimlaani Mama Apio, kwa maana tulijua ndiye aliyekwenda kuzima umeme kwa kuhofia zile nyaya. Na gizani ile sauti ikaendelea kutubembeleza.

Maji yalipofika magotini, kelele zikaanza. Ngazi ya mbele ilikuwa haipandiki tena. Maji yalishuka kwa nguvu, na mwanamume aliyejaribu alirudishwa chini akiwa amepasuka paji la uso. Tukakimbilia mlango wa nyuma, tukausukuma, tukaupiga kwa viganja. Kisha wote tukageuka kumtazama Wasswa. Kulikuwa na mwanga kidogo uliopenya juu ya mlango, kwa hiyo nilimwona. Alipapasa mfuko huu, akapapasa ule. Akarudia ule wa kwanza, mtupu.

Nimewahi kuumwa, nimewahi kuzika, lakini sijaogopa tena vile. Nilikutoa mgongoni nikakuweka begani, maji yakiwa kiunoni. Ulikuwa umeacha kulia, na hilo liliniogopesha kuliko yote. Nilimwomba Mungu amlete mtu yeyote mrefu kuliko mimi akuchukue.

Tukasikia vyuma upande wa pili. Mama Apio alikuwa amezunguka uani, akawakokota mafundi wa magari na mitaimbo yao, akiwatukana kwa kila lugha aliyoijua. Waling'oa bawaba, mlango ukaanguka, tukatoka tukikanyagana. Hakufa mtu. Labda ndiyo sababu hakuna anayeikumbuka siku ile isipokuwa sisi tuliokuwamo.

Wiki iliyofuata Wasswa alikuja nyumbani kwangu. Nilidhani amekuja kutupa maneno matamu ya pole, nikawa nimejiandaa kumfukuza. Aliketi, akaomba akupakate, na sijui kwa nini nilimpa. Nilimuuliza ufunguo ulikuwa wapi. Akasema hajawahi kuuona. Alidhani uko kwa mlinzi, na mlinzi alidhani uko kwa mwenyekiti, na kwa muda wote wa uenyekiti wake hakuna siku aliyouliza.

Kisha akasema hivi, na sauti yake haikuwa tamu tena: "Dada, mimi nikiongea watu wananyamaza. Siku ile walinyamaza, nikafikiri hata maji imenyamaza."

Akanirudishia mtoto, akaniaga. Uenyekiti aliuacha akahamia kwao Masaka. Sikuwahi kumchukia, maana hakutudanganya. Yeye mwenyewe aliyaamini aliyoyasema, na hilo ndilo jambo la kutisha.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mwezi uliopita, kule msibani, ulisimama kuongea watu wakiwa wanagombana, na baada ya maneno machache wakatulia wote. Watu wakanipongeza kwa kuzaa mtoto kama wewe. Lakini mimi nilikuwa nimefumba macho ulipoongea, na niliyemsikia alikuwa Wasswa.

Sikukatazi uenyekiti. Sauti hukuiiba, umepewa. Lakini kabla ya Jumamosi nenda kwenye jengo lenu, utafute ufunguo wa mlango wa nyuma, uutie kwenye kitasa kwa mkono wako mwenyewe na uone mlango unafunguka. Jua umeme unazimwa wapi. Mtafute yule mtu anayewachosha wote kwenye mikutano, umkalishe karibu na wewe hata akikuudhi, na usimtanie mbele ya watu. Ukikuta hujui jambo, sema hujui, hata kama unajua namna ya kulisema vizuri. Na ukiwaona watu wametulia kwa sababu yako, hapo ndipo uogope, uende ukatazame maji yamefika wapi.

Mungu aliyekutoa mle ndani ukiwa begani mwangu akulinde na makofi ya watu. Akuachie sauti yako, na akupe hofu ya kutosha kuibeba. Na siku watakapogeuka wote kukutazama, mwanangu, ufunguo uwe mkononi mwako.