Walitupa Maharage, Wakatunyima Kuni

Enzi zetu moto ulikuwa unaombwa. Kibiriti kilikuwepo, lakini kilikuwa cha dharura. Mama akiamka na kukuta majivu yamepoa, alinipa kigae cha chungu kilichovunjika na kuniambia, "Nenda kwa Mama Jovin kaombe moto, na usicheze njiani." Nilikwenda mbio na kurudi polepole, nikilipuliza lile kaa la moto lisizimike, vumbi jekundu likinipanda mpaka magotini. Siku moja lilidondoka likaniangukia dole gumba la mguu, na kovu ninalo mpaka leo. Nyinyi mliokulia kambi za wakimbizi kule magharibi mwa Tanzania mnanielewa. Watoto wetu wa hapa Louisville wakisikia mtu anabisha hodi kwa jirani kuomba moto, watapigia polisi simu.

Sisi ni Warundi, lakini Burundi niliisikia kwa wakubwa tu. Nilichokijua ni kambi: nyumba za matofali mabichi zilizoezekwa kwa shitingi, yale maturubai ya plastiki ambayo mvua ikinyesha yalipiga kelele hata mwalimu anaweka chaki chini. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tukacheza kombolela mpaka koo linakauka. Kila Ijumaa mwanafunzi alitakiwa kwenda shule na kijiti cha kuni kwa ajili ya kupikia uji. Tukishaweka vijiti vyetu kwenye rundo, tulipangwa mstari na kuimbishwa wimbo wa kuwaasa watu wasikate miti. Mimi niliimba kwa sauti kuliko wote. Sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyeona aibu.

Posho ilikuwa unga wa mahindi, mafuta kidogo, chumvi na maharage. Maharage yale jamani! Makavu kama kokoto, yamezeekea ghalani, unayabandika asubuhi unarudi kutoka shule bado yanagoma. Mama alikuwa na mbinu yake. Aliyachemsha kwa muda, kisha akaepua sufuria, akaiviringishia blanketi na kuitumbukiza kwenye shimo dogo lililotandikwa majani makavu pembeni ya nyumba. Maharage yalimalizia kuiva humo kwa joto lake yenyewe. Kuni zilizobaki alizizima kwa mchanga, zikangoja kesho. Blanketi lenyewe lilikuwa letu sisi watoto, kwa hiyo tulinuka maharage darasani, mpaka mdogo wangu Consolata akapachikwa jina la Maharage. Akija nyumbani analia, mama alimwambia, "Bora unuke chakula kuliko kunuka njaa."

Wengi wakikumbuka utoto wao huishia hapo, kwenye michezo na vyakula. Mimi siwezi kuishia hapo, maana nina hasira, na hasira hiyo ina umri wa miaka mingi.

Siku moja gari lilipita na kipaza sauti. Kuanzia Jumatatu ni marufuku kuvuka mpaka wa kambi kutafuta kuni, milima imebaki mipara. Ni kweli ilikuwa mipara. Nilikuwa na macho, niliiona, na wanakijiji waliotuzunguka walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini Jumatatu ilipofika hawakuleta gesi. Hawakuleta mafuta ya taa. Hawakuleta hata jiko moja. Walileta posho kama kawaida: maharage makavu. Mpaka leo najiuliza, katika ofisi zile zote na magari yale meupe yote, alikosekana vipi mtu mmoja wa kuuliza, "Sasa hawa watapikia nini?" Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mama alivumilia siku tatu. Tulichoma kigoda, tukachoma mipini ya majembe, tukachoma na mlango wa choo. Siku ya nne alichukua panga na kamba, nami nikamfuata. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Hatukukata mti mbichi hata mmoja, tuliokota matawi yaliyokauka na kuanguka. Mgambo wawili walitukuta tukifunga mizigo. Hawakumpiga mama, na majirani baadaye walituambia tushukuru kwa hilo. Walimpeleka kwenye kibanda chao, wakamkalisha chini juani, wakaandika karatasi na kumwambia aweke dole gumba. Mmoja akamsomea: amekamatwa kwa kosa la kuharibu mazingira. Mama, ambaye hakupata kusoma, aliitikia "ndiyo, bwana" kwa kila neno. Halafu mbele ya macho yetu wakachukua kuni zetu, wakazipikia ugali wao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Nilisimama pale nikinusa moshi wa kuni nilizookota kwa mikono yangu.

Walituachia alasiri, bila kuni, bila panga. Kesho yake niliporudi kutoka shule nilikuta maharage yamo kwenye shimo lake. Mama alisema kuni kapewa na Mama Jovin, nami sikuuliza zaidi. Nilikula nikashiba.

Leo naishi Highview, huku kusini mwa Louisville, na kazi yangu ni kupanga maboksi kwenye ghala la mizigo. Mama yuko nami. Wenzake wote tuliokuja nao wamekwisha kula kiapo cha uraia, wana pasipoti za Marekani, wanakwenda kusalimia ndugu na kurudi. Mama peke yake ndiye aliyegoma kujaza fomu ya uraia. Kila mwaka ana sababu. Kiingereza hakiingii. Macho. Magoti. Huku nyuma dada yake mkubwa bado yuko kambini, amezeeka, hatembei tena, na kila Jumapili kwenye simu anauliza, "Utakuja lini, mdogo wangu?" Kwa karatasi alizo nazo mama sasa, safari hiyo ni ya mashaka, na yule dada hana miaka ya kungoja. Nilimgombeza mama kwa jambo hilo. Nilimwambia ana moyo mgumu. Mungu anisamehe.

Mwezi Mei mwaka huu mimi na yeye tuliendesha mpaka Buffalo kumchukua binti yangu Divine, anayesoma chuo kikuu kule Amherst. Tulimkuta hita inawaka na dirisha liko wazi, chaja nne zimechomekwa ukutani hazichaji kitu. Katika hali hiyo akafungua kompyuta atuonyeshe kazi iliyompatia alama nzuri, kazi ya kuwafundisha watu namna ya kutumia nishati kwa uangalifu. Nilimwangalia bibi yake, mwanamke aliyeivisha maharage kwa blanketi, nikauma midomo nisicheke.

Kazi yenyewe ilihusu Slovenia, nchi ndogo ya Ulaya inayopakana na Italia. Divine alimweleza bibi yake kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kwamba wale wana mito ya kuzalisha umeme, wana mtambo wa nyuklia wanaochangia na jirani zao Wakroatia, na pia wana mgodi wa makaa ya mawe kwenye bonde la Velenje. Wamechimba chini ya bonde lile miaka na miaka mpaka ardhi ikadidimia, na palipozama pamekuwa maziwa ambayo watu wanaogelea wakati wa joto. Makaa hayo yanatoa umeme na kupasha nyumba joto. Sasa wameamua kuachana nayo.

"Kuanzia lini?" mama akauliza.

"By 2033, Bibi. Polepole. Wamepewa time."

"Na wanaochimba watakula nini?"

"Wanafundishwa kazi zingine. Wazee wanaenda pension. Kuna pesa ya Ulaya nzima ya kusaidia hiyo valley."

"Na baridi ikija, hizo nyumba zitapashwa na nini?"

Divine alifurahi, akapiga makofi. "Bibi, hiyo ndiyo swali yenyewe! Professor pia aliuliza hiyo. Bado wanabishana. Hawawezi kufunga kabisa mpaka wapate jibu."

Mama aliyatazama yale maziwa kwenye kompyuta. Kisha akauliza taratibu, "Waliowekwa ndani ni wangapi?"

"Kuwekwa ndani for what?"

"Kwa kuharibu mazingira. Si wamezamisha bonde zima?"

"Bibi, zero. Hakuna hata mmoja. Wanaitwa heroes. Kwa sababu waliipa nchi umeme."

"Basi niko peke yangu," mama akasema.

Tulimuuliza yuko peke yake katika nini, na ndipo tulipojua. Miaka hii yote, mama hakuogopa Kiingereza. Kwenye darasa la uraia kanisani alisikia kuwa fomu ile inauliza kama umewahi kukamatwa, popote duniani. Karatasi yenye dole gumba lake aliamini ipo mahali fulani inamngoja. "Nikisema hapana, nimemdanganya Mungu," alisema. "Nikisema ndiyo, watanirudisha, na nyinyi pamoja na mimi." Kwa hiyo alichagua kunyamaza, akaacha dada yake azeeke akimngoja, akaacha na mimi nimwite mgumu wa moyo.

Divine alilia. Mimi sikulia, nilikasirika. Siwaonei kijicho watu wa Slovenia. Mchimba makaa ni mfanyakazi kama mimi, ana watoto, na aliyemuuliza atakula nini amefanya jambo la haki. Hata hapa Kentucky wachimbaji wana watu wa kuwasemea kwenye televisheni. Ninachouliza ni kimoja: kwa nini taifa zima lenye mito na mitambo lipewe miaka ya kutafakari, na mwanamke mwenye watoto wawili na sufuria moja apewe mpaka Jumatatu? Mama yangu alichoma katika maisha yake yote kuni ambazo mtambo mmoja wa makaa ungezidharau kama njiti ya kibiriti. Lakini aliyeandikwa mharibifu ni yeye, na kwa miaka yote hii ameibeba aibu hiyo kutoka kambini mpaka Marekani bila kumwambia mtu.

Kesho yake tulianza safari ya kurudi. Tulipita Cleveland. Columbus tulisimama mtaa wa Linden kwa Consolata, yule yule aliyeitwa Maharage, siku hizi ni mama wa watu na anafanya kazi ya kulea wazee. Mumewe Byamungu ni Mkongo wa Uvira, na pale kanisani kwao ndiye anayewasaidia watu kujaza fomu. Nilimsimulia yote jikoni. Alitoka akaenda kuketi mbele ya mama mkwe wake kwa heshima, kwenye ncha ya kiti.

"Mama, bon, ile mambo ya kuni njo ulikuwa unaogopa?" alisema. "Sisi bote tulikuwaka tunakata kuni. Kama ile ni kosa, basi kanisa yote iko na kosa, kuanza na pasta."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Buffalo. Akasema, "Leta hiyo fomu."

Byamungu alifungua kompyuta mezani. Jina, tarehe, anwani, safari. Divine alikuwa akitafsiri na Byamungu akiandika. Walipofika kwenye swali la kukamatwa, Byamungu aliinua mikono kutoka kwenye vibonye.

"Donc Mama, hapa tuweke hapana. Ile haikuwa tribunal, haikuwa korti. Nani atajua?"

"Mimi najua," mama akasema. "Weka ndiyo."

"Mama, kwanza tuulize avocat, yule wa kanisa."

"Muulize. Lakini atakachokisoma huyo mwanasheria kiwe ni ndiyo. Nimechoka kujificha kama mwizi."

Byamungu akaandika ndiyo. Chini yake kulikuwa na nafasi za kueleza. Divine alisoma ya kwanza: kwa kosa gani?

"Kuni," mama akasema. "Andika kuni za kupikia maharage waliyotupa wao wenyewe."

"Wapi?" Akataja kambi. "Lini?" Akataja mwaka ambao Consolata alianza shule. Ilibaki nafasi ya mwisho, na Divine akasita akitafuta neno la Kiswahili.

"Matokeo, Bibi. Wanataka kujua matokeo yalikuwa nini."

Mama alitutazama mimi na Consolata, mmoja baada ya mwingine.

"Kesho yake nilirudi porini," alisema. "Peke yangu, nikapita njia nyingine. Watoto wangu wakala."

Miaka yote hiyo nilimshukuru Mama Jovin kwa kuni zile katika sala zangu. Enzi zile mama alikuwa na mgongo wa kubeba mzigo wa kuni ambao ukimfuata nyuma huoni kichwa chake, na alikuwa na moyo wa kuurudia msitu siku moja tu baada ya kukalishwa juani. Siku hizi watoto wetu wanabonyeza kitufe, jiko linawaka, na hakuna anayemwogopa mtu. Ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mama amezeeka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akainuka kwa shida, akamwambia Byamungu, "Umeandika wakala? Andika wakala wakashiba."