Nani Mwingine Ananisikia?

Redio koli ya zahanati yetu, huku upande wa Ushirombo, ilikula betri ya gari kama mgeni mwenye njaa, na mimi ndiye niliyeshinda nayo. Miaka ya sabini karibu yote nilikuwa mwandika wagonjwa, mfunga vidonda na mwita redio. Nachoka hata kuikumbuka ile kazi.

Walipotufungia ile mashine, sista mkuu alinipa jina moja tu la kuita: hospitali kubwa. Watu wa huko waliponizoea wakanitajia misheni mbili za jirani zao, nazo zikanitajia nyingine, na kila jina nikaliandika ukutani kwa mkaa. Hakuna ofisi iliyokuwa na orodha ya wote. Ulimjua uliyetajiwa, basi. Na majina mengine yalikufa: unaita, unaita, kumbe kituo kilishafungwa tangu masika na hakuna aliyekuambia ufute.

Tulikuwa na adabu zetu pia. Hukujibu usipoitwa. Ukiwanasa watu usiowajua wanaongea, ulipunguza sauti, maana kusikiliza maongezi ya wenzako ni umbea. Mimi mwenyewe niliwahi kunasa sauti ngeni za wanaume wakibishana kuhusu mapipa ya maji. Nikazipunguza, nikaendelea na uji wangu. Kuuliza si ujinga, lakini sisi tulikuwa hatuulizi.

Kisha mke wangu akashikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Saa nne asubuhi sista akaniambia mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe, na gari letu lilikuwa juu ya mawe, springi imekatika. Niliita hospitali kubwa, nikapata mkwaruzo mtupu. Nikashuka na orodha ya ukutani jina kwa jina, hai na wafu, nikarudi juu, nikashuka tena. Namsikia mke wangu ng'ambo ya ukuta, na mimi nasema nahitaji gari, mama anazidiwa, ova. Jamani, niliogopa. Saa kumi hospitali ikajibu, na gari lao likafika jua linazama. Mke wangu alipona. Mtoto, wa kike, alikuwa ameshafia tumboni.

Wiki chache baadaye dereva mmoja akaja kutafuta dawa ya malaria. Nilipomsalimu alinitazama sana, maana sauti yangu alikuwa anaijua. Alitoka kambi ya watafiti wa dhahabu, njia ya kwenda Bugarama, mwendo wa saa moja kwa Landrova.

"Tulikusikia kutwa nzima," aliniambia kwa upole. "Na magari mawili yalikuwepo pale. Lakini hukutuita sisi."

Nilitaka kumpiga. Nikakumbuka yale mapipa ya maji. Nikampa vidonge vyake, nikamuuliza kambi yao inaitwaje redioni, na ni akina nani wengine wanaowasikia. Akanitajia watatu. Niliwaandika wote.

Tangu hapo, kila asubuhi nikimaliza kuita orodha, niliongeza salamu ya kwetu na swali: "Mwangaluka. Nani mwingine ananisikia? Hata kama sijakuita, jibu."

Siku moja mke wangu alikuwa anafagia uani, akasimama dirishani na kuniuliza naita akina nani hao wasio na majina. Nilimwambia ni utaratibu mpya. Akauliza kama siku ile yetu kuna mtu yeyote aliyekuwa amenisikia.

Nilimwambia hapakuwa na mtu.